Ninakufa Nimeshika: Kicheko na Msiba katika Majina ya Njaa za Ukambani

1. Utangulizi

Mzee wa Kanyangi aliyezaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuenea vijijini, akiulizwa umri wake, aghalabu hakutaja tarakimu. Alitaja njaa. Alisema kwamba alizaliwa njaa fulani ilipokuwa ikiisha, au kwamba mama yake alimbeba mgongoni katika njaa fulani nyingine. Msikilizaji aliyelelewa huko alijua papo hapo umri wa mzee huyo. Alijua pia, bila kuelezwa, kwamba jina alilolisikia lina kichekesho ndani yake, na kwamba kichekesho hicho kiligharimu uhai wa watu.

Makala haya yanachunguza majina ambayo Wakamba wameyapa miaka yao ya njaa, tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1980. Kwa Kikamba njaa ya namna hii huitwa yua, na kila yua kubwa ina jina lake. Wanahistoria wameyatumia majina haya kama vigingi vya kupangia matukio, na wataalamu wa kilimo wameyaorodhesha ili kuhesabu mara ambazo mvua imekosekana. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, wameyapita bila kuyatazama. Dai letu ni kwamba majina haya ni kazi za sanaa: ni tungo fupi mno, zisizo na mtunzi anayejulikana, ambazo zimeupatia upotevu wa kila siku umbo linaloweza kubebwa kinywani. Tunadai pia kwamba yakisomwa kwa kufuatana, yanaonyesha mabadiliko ya kisanaa yenye maana ya kihistoria. Katika jina la mwanzo njaa ndiyo inayotenda. Katika majina ya katikati, kitu kigeni ndicho kinachosimama mahali pa njaa. Katika jina la mwisho mtu anayekufa anasema mwenyewe.

Kanyangi tumeichukua kama mahali pa kusimama ili tuitazame Ukambani nzima. Leo ni wadi ya eneo bunge la Kitui Rural, pamoja na Kisasi, Mbitini na Kwavonza/Yatta, katika Kaunti ya Kitui inayopakana na Makueni. Majina tunayoyajadili si ya Kanyangi peke yake. Yamesikika Kitui, Machakos na Makueni. Hata hivyo, ni vyema mhakiki akumbuke kwamba majina haya yalitumika kwanza mlangoni pa ghala tupu, si katika orodha ya ofisini.

2. Nchi na Kalenda Yake

Kitui ni nchi ya mvua mbili. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo vitabu vya jiografia huziita fupi, ndizo mkulima anazozitegemea zaidi. Zile za Machi hadi Mei, ziitwazo ndefu, mara nyingi humwacha mdomo wazi. Tayari hapa pana kinaya: mvua inayoitwa ndefu ndiyo inayokatika kwanza. Msimu mmoja ukikosa, watu huvumilia kwa mbaazi, kunde na pojo zilizobaki. Misimu miwili ikikosa mfululizo, mifugo huanza kufa au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ikikosa mitatu, mwaka huo huanza kutafutiwa jina.

Ni muhimu kutambua kwamba upotevu unaozungumziwa hapa hauji kama radi. Huja kidogo kidogo. Siku moja ni mtungi wa mbegu unaofunguliwa ili upikwe. Siku nyingine ni mbuzi wa mwisho anayepelekwa sokoni. Siku nyingine tena ni safari ya kuchimba maji katika mchanga wa mto uliokauka, ambapo shimo la jana limezidi kina cha mkono. Tanzia tulizozoea kuzihakiki huhitaji mfalme aanguke. Tanzia ya Kanyangi ni ya kikombe kimoja cha unga kinachogawanywa mara sita.

John S. Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui (1931–2019), alilifanya suala la wakati kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Akitumia nyakati za vitenzi vya Kikamba kama ushahidi, alidai kwamba wakati wa Kiafrika unajengwa na matukio, wala si namba, na kwamba matukio hayo husogea kutoka Sasa na kuzama katika Zamani. Alidai pia kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo katika fikra hizo. Wanafalsafa waliomfuata, Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, walilikosoa dai hili la mwisho. Majina ya njaa yanamuunga mkono Mbiti kwa upande mmoja na kumpinga kwa upande mwingine. Ni kweli kwamba mwaka unatambulikana kwa tukio lake. Lakini jina la njaa halizami. Mama anayemkataza mtoto kumwaga uji hutaja njaa iliyopita kwa sababu anaiogopa inayokuja. Kwa hiyo jina hilo linatazama mbele, na lisingehifadhiwa kama lingekuwa kumbukumbu tu.

Serikali nayo ililazimika kuiazima kalenda hii. Katika sensa za Kenya, makarani wamekuwa wakipewa kalenda za matukio ya kila eneo ili waweze kukadiria umri wa watu wasiojua mwaka waliozaliwa. Hapo ndipo tunapokutana na kichekesho cha kwanza cha historia hii. Dola iliyopima njaa kwa magunia na tani haikuweza kujua umri wa raia wake mpaka ilipomuuliza ni mzaha gani uliokuwa midomoni mwa watu alipozaliwa.

3. Jina kama Utanzu

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika Mulika namba 21 mwaka 1989, aliweka lakabu katika kundi la semi, pamoja na methali, vitendawili, mafumbo na misimu. Jina la njaa laweza kuingizwa humo bila taabu, kwa kuwa ni jina la kubandikwa linalobeba sifa ya kinachoitwa. Hata hivyo, linatofautiana na lakabu ya kawaida kwa mambo mawili. Kwanza, lakabu ya mtu hufa pamoja naye au muda mfupi baadaye, ilhali jina la njaa huanza kufanya kazi kwa ukamilifu njaa inapokwisha. Pili, lakabu huweza kujitungia mtu mmoja, kwa majivuno. Hakuna awezaye kujitungia njaa. Jina lake hupendekezwa na wengi, hujaribiwa sokoni na kisimani, na hatimaye moja hubaki kwa sababu limewachoma watu na kuwachekesha kwa wakati mmoja.

Mazoea ya kuugeuza msiba kuwa jina si mageni Ukambani. Mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wayua; aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mumbua, na wa kiume Wambua. Musyoka ni yule aliyerudi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayezaliwa baada ya ndugu zake kufa hupewa jina la kudharaulisha ili kifo kimwone hana thamani na kimpite. Waswahili wanao akina Tabu, Shida na Mashaka. Wakamba wana jina Mbiti, yaani fisi. Tukilitafakari jina la aina hii tunaona ndani yake mchezo mzima wa kuigiza: wazazi wanaomwogopa kifo kuliko kitu chochote wanajifanya hawamjali mtoto wao, na wanatumaini kwamba kifo, ambacho kimewashinda mara tatu au nne, ni mjinga kiasi cha kudanganyika. Kicheko na machozi vimo katika tendo moja, na tendo hilo linarudiwa kila mtoto anapoitwa aje ale.

Ipo pia sanaa nyingine ya nyumbani inayotusaidia kulieleza jambo hili. Kibuyu kikipasuka hakitupwi mara moja. Ufa hutobolewa matundu madogo pande zote mbili, kisha hushonwa kwa nyuzi. Mshono haufichi ufa. Unaufuata hatua kwa hatua, na jicho huvutwa huko kwanza. Mshonaji hodari huufanya mshono upendeze. Kibuyu hicho hakijarudia hali yake ya awali, na hakuna anayedai hivyo, lakini kinashika tena maziwa. Ndivyo tunavyouelewa uzuri wa majina tunayoyajadili. Hayaurembi msiba kwa maneno matamu. Yanaufuata ufa ulipo, kwa usahihi, na usahihi huo ndio unaopendeza.

4. Ngomanisye: Njaa kama Msafiri

Njaa ya 1898–1899 Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenda kila mahali. Ili jina hili lieleweke, ni lazima tukumbuke Wakamba walikuwa nani katika karne hiyo. Walikuwa wasafiri na wafanyabiashara wa masafa marefu. Misafara yao ya pembe za ndovu ilifika pwani, na Kivoi wa Kitui ndiye aliyempokea Johann Ludwig Krapf, ambaye mwezi Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Tena, safari ilikuwa ndiyo bima yao. Mvua ilipokosekana upande mmoja, watu walikwenda kwa jamaa, marafiki na washirika wa biashara upande mwingine, wakapata chakula kwa kubadilishana mali, kwa kazi, au kwa ahadi ya undugu. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwafikisha wengine wao hadi Rabai, karibu na Mombasa, na baadhi wakabaki huko.

Mwaka 1898 bima hiyo ilikatika. Sotoka ilikuwa imeshafyeka ng'ombe katika mwongo huo. Mvua zilikosekana kwa misimu mfululizo, na ndui ikafuata njia zilezile ambazo watu waliokuwa wakitafuta chakula walizipita. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikipita kusini mwa Ukambani, na ilifika Nairobi mwaka 1899. Mkamba aliyeondoka kwake kuikimbia njaa aliikuta imetangulia kule alikokuwa akienda.

Hapo ndipo tunapoona uhodari wa jina hili. Sifa ya Mkamba ya kwenda kila mahali imenyang'anywa na njaa. Njaa imekuwa msafiri hodari kuliko wenyeji wake; imekuwa na jamaa kila kijiji; haikosi pa kulala. Ni tashihisi, kama tulivyozoea kuiita katika uhakiki, lakini ni tashihisi yenye kijembe: walioitunga wanajicheka wao wenyewe, kwamba sisi tuliojivunia miguu yetu tumeshindwa mbio.

Ni vyema kulilinganisha jina hili na lile ambalo majirani waliipa njaa hiyohiyo. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilikuja sambamba na wageni. Jina la Kikuyu linataja mshukiwa, ilhali la Kikamba linaeleza mwendo. Hatuwezi kusema kwamba moja ni la busara kuliko jingine. Lakini tunaweza kusema kwamba jamii mbili zilizokufa njaa moja zilichagua vipengele viwili tofauti vya kuukumbuka msiba wao, na uchaguzi huo ni wa kisanaa kabla haujawa wa kisiasa. Kwingineko pia mambo yalikuwa hivyo. Njaa ya 1884 huko Taita ilipewa jina la Mwakisenge, ambalo lasikika kama la mtu. Wagogo wa Dodoma waliiita Mtunya njaa iliyofuatia majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kupora nafaka na mifugo yao, na jina hilo linabeba maana ya kugombania na kunyang'anyana.

5. Ata na Ndeke: Njaa kama Kitu Kigeni

Tukiruka miongo sita tunafika kwenye ukame wa 1960–1961, ambao ulizaa majina mawili. La kwanza ni Yua ya Ata, njaa ya unga. La pili ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege.

Jina la kwanza ni la ajabu kimantiki. Njaa ni kukosa unga. Inawezekanaje ikaitwa njaa ya unga? Maelezo ya kihistoria ni rahisi: unga wa msaada uligawiwa, na neno lililotumika lilikuwa lile la Kihindi lililokwisha kuenea kupitia maduka ya Wahindi. Lakini maelezo hayo hayatoshi kueleza kwa nini watu walilichagua neno hilo miongoni mwa maneno mengi. Sisi tunaona kwamba utupu hauna ladha, kwa hiyo ni vigumu kuukumbuka. Kinachokumbukwa na ulimi ni kile kilichoingia kinywani baada ya utupu, pamoja na ugeni wake. Ndiyo maana Wakikuyu waliiita ile ya 1943 Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo. Watanzania nao, walipolishwa unga wa mahindi ya njano yaliyoagizwa kutoka nje katika miaka ya uhaba ya 1970 na 1980, waliuita unga huo Yanga, kwa kuwa ulivaa rangi ya klabu ya Young Africans iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mpenzi wa Simba aliyelazimika kula Yanga ili aishi alikuwa na kisa kamili cha kuchekesha katika sahani yake, na hakuhitaji msimulizi.

Katika majina haya kitu kigeni kimechukua nafasi ya njaa yenyewe. Anayetenda si njaa tena, kama katika Ngomanisye. Anayetenda ni mtoaji, ambaye hatajwi. Mpokeaji naye hatajwi. Kilichobaki ni unga tu, umesimama peke yake katikati ya sentensi, kama mgeni ambaye hakuna aliyemtambulisha.

Jina la pili, Yua ya Ndeke, linakwenda mbali zaidi. Miezi ya mwisho ya 1961, baada ya ukame mrefu, ilinyesha mvua kubwa isiyo ya kawaida sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mito ilifurika na barabara zikakatika. Watu waliokuwa wameomba mvua kwa muda mrefu walizingirwa na mvua hiyohiyo waliyoiomba, na chakula kikabidi kiletwe kwa ndege na kuangushwa kutoka angani. Mtunzi wa vichekesho angebuni kisa hiki angeambiwa amezidisha. Mbingu zilikataa kutoa maji. Zilipokubali zikatoa maji yasiyohitajika. Kisha, kama kwamba zimejuta, zikatoa magunia.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Kwa Kiswahili ndege ni mnyama mwenye mbawa na pia ni chombo. Kwa Kikamba ndege mwenye manyoya ni nyunyi. Neno ndeke lilipokelewa kutoka Kiswahili kwa maana ya chombo peke yake. Kwa hiyo Yua ya Ndeke haina utata kwa msikilizaji wa Kanyangi: ni njaa ya chombo cha chuma. Lakini kwa msikilizaji anayejua lugha zote mbili, na wengi wanazijua, nyuma ya chombo hicho anaruka ndege wa Kiswahili, yule anayekula mtama shambani. Adui wa mavuno katika miaka ya neema amekuwa mleta chakula katika mwaka wa dhiki. Hatudai kwamba waliolitunga jina walikusudia mchezo huu wa maneno. Tunadai kwamba jina limeuruhusu, na kwamba kazi ya sanaa huishi kwa kile inachokiruhusu.

6. Nikw'a Ngwete: Njaa kama Msemaji

Tunafika sasa kwenye jina ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kilele cha utanzu huu. Njaa ya miaka ya mwanzo ya 1980, na hasa ya 1984, iliitwa Nikw'a Ngwete: ninakufa nimeshika. Maana yake ni kwamba mtu alikuwa na fedha mkononi, lakini chakula hakikuwapo dukani.

Kwa fani, hili ni shairi la maneno mawili. Tuanze na kile lisichokisema. Kitenzi cha pili kinadai shamirisho: umeshika nini? Jina halijibu. Fedha haitajwi kabisa. Msikilizaji ndiye anayeitia mkononi mwa maiti, na anapofanya hivyo anakuwa mshiriki wa utunzi. Pili, tuangalie nafsi. Ngomanisye ni nafsi ya tatu. Ata na Ndeke hazina nafsi. Hapa, kwa mara ya kwanza katika majina tunayoyajadili, tunasikia nafsi ya kwanza umoja. Lakini nafsi hiyo ni ya nani? Aliyekufa hawezi kusimulia, na aliyetunga jina hakufa. Walionusurika wamewaazima wafu sauti yao. Kila anayelitaja jina la mwaka huo, hata akiwa mtoto wa shule anayejibu swali la mwalimu, kwa kitambo kidogo anasema kwa kinywa cha mtu anayekufa. Hatujui mbinu nyingi katika fasihi andishi zinazofanya kazi kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Tatu, tuangalie mhusika. Katika ngano zetu, mtu anayekufa ameshika fedha ni bakhili. Ni mhusika bapa wa kuchekwa, anayekataa kununua hata dawa. Jina hili linamchukua mhusika huyo na kumweka katika mazingira yanayompindua. Huyu wa 1984 yuko tayari kutoa. Amenyoosha mkono, na mkono umebaki umenyooka. Kwa anayetazama kwa mbali anafanana kabisa na bakhili. Kwa anayetazama kwa karibu ni mtu mwaminifu aliyefanya yote aliyoambiwa: alisoma, akaajiriwa, akauza ng'ombe, akaweka akiba. Kichekesho kimetoka katika kufanana huko, na uchungu pia.

Umuhimu wa kihistoria wa jina hili unaonekana tukiliweka kando ya maandishi ya wataalamu. Mwaka 1981 Amartya Sen alichapisha kitabu chake maarufu kuhusu umaskini na njaa, akionyesha kwamba mara nyingi watu hufa si kwa sababu chakula hakipo, bali kwa sababu hawana uwezo wa kukipata. Ghala limejaa na mfuko ni mtupu. Miaka michache baadaye Kitui ikatoa jina linalosimulia kinyume chake: mfuko una kitu na duka ni tupu. Aidha, wachambuzi wa sera walioandika kuhusu Kenya ya 1984 waliisifu serikali kwa kuagiza mahindi kutoka nje mapema na kuepusha maafa makubwa zaidi. Hatuna sababu ya kuwaita waongo. Meli zilitia nanga. Lakini kati ya bandari ya Mombasa na soko la Kanyangi pana safari ndefu, na katika safari hiyo takwimu iliyo sahihi kwa nchi nzima huweza kuwa batili kwa mtu mmoja aliyesimama mbele ya rafu. Jina la njaa ni ushahidi wa mtu huyo. Mwanahistoria anayelitupa kwa kuwa ni mzaha anatupa hati ambayo haipatikani kwingine.

7. Je, Kicheko ni Ganzi?

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya usomaji huu. Ya kwanza ni ya kinadharia. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba ili mtu acheke, ni lazima moyo wake ufe ganzi kwa muda. Huruma ikiingia, kicheko hutoka. Ikiwa ni hivyo, basi Wakamba walipocheka walikuwa wameacha kuhuzunika. Tunaona kwamba Bergson alikuwa akimfikiria mtazamaji: mtu aliyeketi ukumbini akimcheka mwingine aliyeanguka. Katika majina ya njaa, anayecheka ndiye aliyeanguka. Hana mahali pa kukaa ili atazame kwa mbali. Ganzi haimfai, kwa kuwa kichekesho kinategemea akumbuke vizuri uzito wa gunia, rangi ya unga na joto la fedha katika kiganja. Akisahau maumivu, jina linapoteza maana, na kicheko kinakwisha nalo.

Hoja ya pili ni ya kisiasa, na ni nzito zaidi. Wengine watasema kwamba mzaha humpa mtawala nafasi ya kupumua. Watu wakicheka hawaandamani. Na kama majina yote yangekuwa ya aina ya Ngomanisye, tungekuwa na shida ya kujibu, kwa kuwa jina hilo linaiachia njaa yenyewe lawama zote, na kuiacha reli, sotoka na bunduki nje ya sentensi. Lakini mkondo wa majina hayo haukusimama hapo. Ulitoka kwenye njaa inayotembea yenyewe, ukafika kwenye unga usio na mtoaji, kisha ukafika kwenye mkono ulionyoshwa dukani. Mkono ulionyoshwa unauliza swali: nani alitakiwa kuweka kitu hapa? Swali hilo halijibiwi na mvua. Kwa maneno mengine, kadiri miaka ilivyopita, mzaha ulizidi kukaribia mlango wa wahusika. Katika nchi ambamo, mwaka 1984, kuuliza swali kama hilo hadharani kulikuwa na hatari zake, maneno mawili yasiyotaja jina la mtu yeyote yalikuwa chombo cha busara.

Hata hivyo, ni lazima tukubali mpaka mmoja. Majina haya ni ya walionusurika. Waliokufa mwaka 1899 hawakupiga kura ya jina. Uzuri tunaouona umepita katika mikono ya wale waliobahatika kupata siku nyingine ya kucheka, na mhakiki anayeusifu uzuri huo bila kulikumbuka jambo hili atakuwa amekula karamu bila kuuliza ni ya nani.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba majina ya njaa za Ukambani ni utanzu wa fasihi simulizi wenye fani na historia yake, na kwamba mkondo wake unakwenda kutoka tashihisi ya Ngomanisye, kupitia vitu vigeni vya Ata na Ndeke, hadi sauti ya nafsi ya kwanza katika Nikw'a Ngwete. Tumeonyesha pia kwamba kicheko kilichomo ni njia ya kuushika msiba kwa usahihi, kama mshono unavyoushika ufa wa kibuyu.

Kazi iliyobaki si ndogo. Siku hizi upungufu wa chakula hutangazwa kwa awamu na viwango vyenye namba, vilevile kwa nchi zote. Namba hizo zina manufaa yake. Lori la chakula haliwezi kutumwa kwa kufuata mzaha. Lakini namba haimwambii mjukuu kwamba unga ulikuwa na ladha gani. Watu walioyatunga majina ya 1961 wanapungua kila mwaka, na pamoja nao yanapotea majina yaliyoshindwa: yale yaliyopendekezwa kisimani na kukataliwa. Hayo yangetufundisha, kuliko yaliyobaki, ni kitu gani watu wa Kanyangi walikiona kuwa kizuri na ni kitu gani walikiona kuwa cha kuchekesha tu. Wanafunzi wetu wanaotoka huko wamezungukwa na wazee ambao hawajaulizwa. Inafaa waende wakaulize, na inafaa watangulize swali la umri.